Bustani Iliyokunywa Maji Yetu

Nilifanya kazi kwenye nyumba ile miaka minne na sikuipenda hata siku moja. Ilikuwa ya mawe, juu ya mji wa Lushoto, paa lake limeshuka chini kama kofia iliyovutwa machoni. Wageni waliisifu: milango ya mbao nzito, bawaba zilizofuliwa kwa mkono, mabenchi yaliyojengewa ukutani. Mimi sikuwahi kuketi juu ya mabenchi yale.

Kazi yangu ilikuwa bustani. Miraba minne, kila mmoja umezungushiwa ua wa miti uliokatwa sawasawa kwa kufuata kamba, na katikati bwawa la duara. Msimamizi, mama mmoja kutoka Tanga, alipita kila asubuhi na futi mkononi. Nilimwamkia shikamoo, aliitikia huku anapima ua.

Mwaka wa nne mvua za vuli hazikunyesha. Chemchemi ilikuwa moja. Bomba la nyumba lilichukua kwanza, kilichobaki kikashuka kwa mfereji hadi bondeni, kwenye kabichi za shangazi yangu. Ikafika siku hakikubaki kitu. Shangazi akapanda mlima hadi getini na ndoo.

"Mama, tugawane maji, japo siku mbili kwa wiki," alimwambia msimamizi.

"Wageni hawaji huku kutazama bwawa kavu."

"Basi nijazie hii ndoo tu."

"Nikikupa wewe, kesho watakuja wote." Akanigeukia. "Mtoe."

Alijua fika kwamba ni shangazi yangu. Nami nilimshika mkono nikamtoa. Alijinasua, akashuka bila kuniangalia.

Kesho yake mchana, wageni wakinywa chai barazani, nilipanda kwenye chemchemi nikafunga koki ya bomba. Maji yote yakaenda mferejini. Niliporudi, msimamizi alikuwa ananisubiri.

"Nani kafunga maji?"

"Mimi."

"Kafungue!"

"Kafungue mwenyewe. Ila angalia, njiani kuna upupu."

"Kazi huna tena."

"Wala siitaki."

Jioni watu wa nyumba walifungua koki. Lakini bondeni watu walikuwa wameshaona maji, wakapanda na majembe yao wakakaa pale chemchemini siku tatu, hadi nyumba ikakubali kugawana maji kwa zamu.

Shangazi aliokoa nusu ya kabichi zake. Nikienda kumsalimu hunipa kiti, kisha huendelea na kazi zake mpaka niondoke.