Siku Nilipolimwagia Maji Jiko la Unga wa Mbao

Sisi tuliokulia Nyamirambo, Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla mambo hayajaharibika, tulijua kuwasha jiko la unga wa mbao kabla ya kujua kugawanya. Makaa yalikuwa ya wenye nafasi. Sisi tulibeba magunia hadi kwa maseremala, tukazoa unga, tukarudi tunapiga chafya, vichwa vyeupe kama vya vikongwe.

Kulipakia ndiko kulikuwa raha. Unasimamisha chupa ya soda katikati ya debe ambalo ndilo jiko, unapenyeza kijiti kwenye tundu la chini hadi kiguse chupa, kisha unamimina unga na kuushindilia kwa ngumi mpaka mkono uchoke. Halafu unaizungusha chupa polepole na kuichomoa, kisha kijiti nacho. Ukiwa na papara, kila kitu kinaporomoka. Ukiliwasha kwa chini, moto unapanda katikati bila moshi, na maharage yanaiva huku mnaruka kamba uani.

Kwenye kuzima, Mama alikuwa mkali. "Jiko hii hainywi maji," alisema kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Iko inataka kunyimwa pumzi tu." Yaani uzibe tundu kwa majivu, ufunike juu kwa bati, uliache lijifie.

Siku wazee walipokuja kumposa dada yangu Zaituni, Mama aliepua pilau akaniambia, "Fatuma, ziba tundu kidogo tu. Chai bado." Nilikuwa na miaka tisa, na wenzangu walikuwa wananiita kwenye kamba. Majivu niliyaona mbali, ndoo ya maji ilikuwa karibu. Nikamwaga.

Puu! Wingu la majivu likavuka ukuta mfupi wa jikoni, likatua bila haraka juu ya wazee watano waliovaa kanzu nyeupe. Nikasikia kikohozi kimoja. Nyuma ya pazia Zaituni alikuwa analia. "Umeniua, Fatuma. Wataondoka na mahari yao." Mama alishika kichwa. Moto hakuna, chai hakuna.

Mzee Hamisi, ami yake bwana harusi, akainuka. Nilijua wanaondoka. Kumbe alikuja jikoni, akakunja mikono ya kanzu, akamwaga uji wa mbao uliokuwa ndani ya debe.

"Unga mkavu uko wapi?"

Nikamwonyesha gunia. Tukachuchumaa, yeye akishindilia, mimi nimeshika chupa. "Polepole, mwanangu. Zungusha. Haya, toa." Ikatoka, na shimo likasimama. Wenzake wakasogeza mkeka hadi mlangoni kututazama, wakaanza kubishana ni seremala gani ana unga mzuri. Chai ilipochemka, mahari ilikwisha kukubaliwa.

"Mmetupaka majivu hata kabla ya undugu," Mzee Hamisi akamwambia Mama. "Sasa tutafichana nini?" Mama alicheka hadi akakaa chini, na wazee wakacheka naye.

Baadhi ya waliocheka siku ile tuliwapoteza miaka michache baadaye. Wa rika langu mnajua, sina haja ya kueleza.

Binti yangu anaishi Kimironko, anapikia gesi. Anazungusha kitufe, moto huo. Anazungusha tena, umezimika. Nikimsimulia habari za chupa na kijiti, ananiuliza kama tulikuwa tunapika au tunajenga. Chai yake hunifikia sebuleni hata sijamaliza kuvua viatu. Ni tamu, namshukuru. Ila hakuna watu waliochuchumaa pamoja kuingojea.