Gari Lililopenda Matope

Mimi huandika kila kitu. Si kwamba nina mambo makubwa, ni kwamba kuongea kunanishinda. Mtu akiniuliza swali mbele ya watu shingo inapata joto, na jibu linanijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Basi naliandika kwenye daftari, naridhika. Likizo ya Agosti nilipokuwa Form Two, daftari langu lilijaa habari za injini, na hadi leo nikilifungua kurasa zake zinanuka petroli.

Mama alikuwa akifundisha shule ya msingi hapa mjini Eldoret. Mwisho wa muhula wa pili akapewa uhamisho kwenda shule moja ya Kaptagat, na mwalimu mkuu wa huko akamwekea nyumba ndani ya shule. Alitupa habari hiyo huku anachambua sukuma wiki, bila kuinua uso.

"Nitakuwa nakuja nyumbani mwisho wa mwezi," alisema.

Baba hutengeneza umeme wa mashine katika kiwanda cha nguo, na zamu zake hubadilika kila wiki. Kwa hiyo nyumbani ningebaki mimi na ndugu zangu wawili wadogo, na mimi ndiye ningekuwa mama yao. Sikulia. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga mlango.

Kitu kimoja tu kingeweza kumzuia Mama asihame. Nyuma ya nyumba tulikuwa na gari dogo la Kiingereza, rangi ya maziwa, lenye umri kunishinda, ambalo injini yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Gari hilo likipona, Mama angeenda Kaptagat asubuhi na kurudi jioni.

"Nipe hii likizo," Baba alimwambia. "Ikishindikana, basi uende."

"Likizo ni wiki nne, baba watoto. Na hiyo gari ni ya kuku."

Fundi tuliyempata alikuwa na kiwanja chake karibu na mto Sosiani, kiwanja bila paa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti nyembamba, na alizoea kusemesha injini kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. Alikuwa na injini nzima aliyoitoa kwenye gari la Kijapani lililobingirika upande wa Kapseret. Bodi ilikuwa imepondeka kabisa lakini injini haikuguswa. Ila haikuwa na kabureta ya kuchanganya petroli na hewa. Petroli ilisukumwa na pampu ya umeme, nozo nne zikairusha ndani ya injini, na kisanduku kidogo cha kompyuta ndicho kiliamua irushwe kiasi gani.

"Hiyo kompyuta tunatupa," fundi akasema. "Nakutafutia kabureta, tunafunga, kwisha."

"Hutupi kitu," Baba akasema. "Waya ni kazi yangu. Wewe shughulika na vyuma."

"Mzee, tangu lini gari ikaendeshwa na waya?"

"Tangu hii."

Walibishana mpaka chai yao ikapoa, na Baba akashinda kwa sababu kabureta ya kuingia kwenye injini ile haikupatikana mjini kote.

Waya zenyewe zilikuwa rundo kubwa kama matumbo ya ng'ombe. Kila moja ilitakiwa kuandikwa inatoka wapi na inaenda wapi, na maandishi ya Baba hata Baba mwenyewe hawezi kuyasoma. Ndiyo maana nilichukuliwa. Nilikata karatasi ndogo ndogo kutoka daftari la hesabu, nikaandika, nikafunga kila waya kwa uzi. Fundi alinipa jina la Karani. Aliponiuliza jambo nilitikisa kichwa tu, ndiyo au hapana.

"Kwani Karani wenu hana sauti?"

"Anayo," Baba akajibu. "Anaiweka akiba."

Injini ya zamani ilitolewa kwa mnyororo na magogo matatu. Kuingiza mpya kulichukua siku nne. Ilikaa upande, ikatolewa. Vyuma vya kuibeba vikakatwa na kuchomelewa upya, ikarudi, safari hii ikawa juu mno, boneti ikakataa kufunga. Fundi alichukua nyundo akaigonga boneti kutoka ndani mpaka ikapata nundu kama ya fahali. Nati zote alizipanga ndani ya pakiti za maziwa ya shule, zile za pembe tatu, amezikata juu, na ole wako uzipige teke.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa, ikanyamaza, halafu ikanguruma mpaka mafundi wa viwanja jirani wakaja kutazama. Fundi alicheza. Kweli, alicheza, na spana mkononi. Kisha akatuita dirishani tuone mshale wa joto.

"Angalieni! Hata haunyanyuki! Hii injini ni baridi kama maji ya kisima. Mwalimu atapanda Kaptagat na kurudi bila kuchemsha."

Sote tulifurahi. Jioni niliandika: *Mshale uko chini kabisa. Fundi anasema ni mzuri.* Kuanzia siku hiyo niliandika kila safari: tumeenda wapi, injini imesikika vipi, mshale uko wapi.

Safari ya kwanza ya Kaptagat ilitia aibu. Kabla hatujafika mbali bomba lilianza kutoa moshi mweusi, mzito, wenye harufu ya petroli mbichi. Kwenye kilima tukawapita wanariadha sita waliokuwa mazoezini, na wote sita wakapotea ndani ya moshi wetu. Halafu gari likaanza kushtuka-shtuka na kupunguza mwendo, na wale sita wakatokea tena, wakatupita. Wa mwisho aligonga boneti kwa kiganja.

"Mama, zima hilo jiko!"

Mama, ambaye ndiye alikuwa akiendesha, alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha nyuma ili nisionekane.

Fundi alifungua plagi, zote nyeusi kama chungu. Akazisafisha. Akachukua bisibisi akaanza kutuni kama alivyotuni magari maisha yake yote, kwa sikio: anakaza skrubu hii nusu mzunguko, anasikiliza, anaizungusha kidogo distributa inayogawa moto kwa plagi, anasikiliza tena, amefumba macho. Kiwanjani gari lilitulia. Barabarani likarudia moshi. Lilizima kila tulipofika njia panda. Siku moja lilizima mbele ya shule ya wavulana, ambako Form Four walikuwa wamebaki kwa masomo ya likizo, na tukalisukuma mimi na Mama huku wamejipanga kwenye ua wanatuhesabia, "Moja, mbili, sukuma!" Niliandika ukurasa mzima kuhusu hilo. Siunakili hapa.

Petroli nayo lilikuwa likiinywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Kwenda Kaptagat na kurudi kila siku kwa namna ile, mshahara wa Mama wote ungeishia tangini.

"Hii gari imekataa kuongea na bisibisi," fundi alikiri, akairudisha bisibisi mfukoni.

Wiki ya mwisho Mama alianza kunifundisha mambo. Unga wa siku saba ni huu. Mdogo asipokula usimpigie kelele. Nilikuwa naitikia "ndiyo, Mama", na usiku nayaandika yote.

Alhamisi ya wiki hiyo tulienda Moiben kuchukua magunia mawili ya mahindi kwa rafiki wa Baba. Ilikuwa imenyesha vibaya. Matope yaliruka mpaka uso wa gari ukapotea, taa, namba, kila kitu, kama limepakwa udongo wa kukandika nyumba. Na gari likaenda! Halikushtuka, halikuzima, moshi hakuna. Mama aliimba njia nzima.

"Si nilisema?" fundi akajigamba. "Ni ile skrubu niliyokaza jana."

Jumamosi Baba akaniambia nilioshe liende kanisani. Nililisugua likang'aa. Jumapili likatoa moshi mweusi mlangoni pa kanisa mpaka kwaya ikakohoa katikati ya wimbo, na ibada ilipokwisha likakataa kuwaka kabisa. Wanaume wa kanisa walilisukuma hadi kiwanjani kwa fundi. Mama hakucheka tena. Alipitia kwa mtu mmoja mwenye pikapu, wakakubaliana aje Jumatatu saa tisa kubeba vitu vyake. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne.

Jumapili hiyo baada ya chakula nililisoma daftari tangu mwanzo. Safari tisa. Nane mbaya, na zote nane nimeandika mshale uko chini kabisa. Moja nzuri, ya Moiben, na hapo nimeandika: *Mshale katikati, Mama anaimba.* Skrubu haikuwa imeguswa tangu Jumatano. Kilichobadilika ni matope. Matope yaliziba redieta inayopoza maji ya injini, upepo haukupita, injini ikapata joto, na ikapata akili. Mimi nikalisafisha, likarudi baridi. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linasikia baridi.

Baba alikuwa ameingia zamu za kuunganisha mpaka Jumatatu jioni. Mama angeniambia magari ni ya Baba. Alibaki fundi.

Jumatatu asubuhi nilizunguka kile kiwanja mara mbili kabla sijaingia. Alikuwapo yeye, mafundi wengine wanne, na mama wa chai na sufuria yake. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima, na yote yakatoroka. Nikamnyoshea daftari.

"Karani ameleta ripoti!" Akalifungua, na badala ya kusoma nilipomwonyesha, akasoma juu yake, kwa sauti, mbele ya watu wote. "'Fundi... anabembeleza injini... kuliko mtu anavyobembeleza mchumba. Ana tumbo... la mtu aliyemeza tairi...'"

Mafundi walilala chini kwa kicheko. Mama wa chai alishika mbavu. Nilitaka kukimbia hadi mtoni. Lakini nikaona bado anafungua ukurasa mwingine, ule wa siri zangu kuhusu mwanafunzi fulani wa shule ya wavulana.

"Si hapo!" nikapiga kelele. "Soma chini! Soma mshale! Gari ni baridi! Ikiwa na matope inapata joto na inaenda, ukiiosha inakuwa baridi na inatoa moshi! Si skrubu! Soma!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Fundi alisoma chini, polepole, midomo ikicheza. Kisha akafunga daftari akajipiga paji la uso.

"Themostati," akasema.

Akaenda kwenye kibanda chake akarudi na debe. Ndani kulikuwa na vidude vya shaba vilivyojaa karibu nusu debe, kila kimoja kama kofia ndogo yenye springi. Akanieleza kwamba kidude kile hukaa mahali maji ya moto yanapotoka kwenye injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikishapata joto kinafungua maji yaende kwenye redieta. Na kila fundi wa huku, gari ikiingia kiwanjani, kitu cha kwanza anatoa hicho, ili maji yapite wakati wote na gari isichemke kwenye milima.

"Nimetoa za gari zote za Eldoret, na ya hii pia," alisema. "Gari ya kabureta haijali. Lakini hii kompyuta yako, Karani, inapima maji. Maji yakiwa baridi inadhani ndiyo kwanza tumeamka, kwa hivyo inaimwagia injini petroli nyingi, kama ya kuwashia. Tumeifanya iwe asubuhi mchana kutwa!"

Alipekua debe akapata vitatu vya saizi ya injini yetu, lakini hakukumbuka kipi ni chenyewe na kipi kimekufa. Akavitumbukiza vyote kwenye sufuria iliyokuwa motoni.

"Wewe!" mama wa chai akaruka. "Hayo ni maji ya chai!"

"Nitakununulia sukari, mama. Tulia tuone."

Tuliinama sote juu ya sufuria. Cha kwanza hakikufanya lolote. Cha pili kilikuwa wazi tangu mwanzo. Cha tatu kilikaa kimya mpaka maji yakaanza kutoa mapovu, halafu kikafunguka taratibu kama mdomo wa samaki. Alipokitoa kikafunga tena.

"Huyu yuko hai," fundi akasema.

Alikifunga, akasafisha plagi, akarudisha skrubu zake zote mahali alipozikuta mwanzoni, akawasha. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama katikati. Fundi akaweka kitambaa cheupe nyuma ya bomba, akaniletea nikiangalie. Kilikuwa cheupe vilevile.

Tulifika nyumbani yeye akiendesha, mimi kando yake. Mama alikuwa nje, kitanda chake kimeshatolewa, kimesimamishwa ukutani, godoro limekunjwa.

"Mwalimu," fundi akasema akimpa ufunguo, "usiniulize mimi. Muulize Karani."

Mama aliniangalia. "Twende tu," nikasema.

Tulipanda hadi Kaptagat sisi wawili. Mama hakuimba. Alikuwa anasikiliza, mikono yote miwili kwenye usukani, na kila kilima macho yake yalienda kwenye kioo kutafuta moshi. Hapakuwa na moshi. Tulifika lango la shule yake mpya, akasimama bila kuzima injini, akaitazama ile nyumba aliyowekewa, mlango wake umefungwa, majani yamefika dirishani. Halafu akageuza gari.

Tuliporudi pikapu ilikuwa inatungoja na mwenyewe amekasirika.

"Mwalimu, tangu saa tisa! Mimi nimekuja kubeba kitanda."

"Basi kibebe," Mama akasema. "Kipeleke chumbani."

Mtu yule alimtazama, akanitazama mimi, akatafuta wa kumweleza. Hakupata. Akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukakiingiza ndani.