Majina Juu ya Vifuniko

Mtaa mzima ulimwita Mama Vikopo, naye aliitika bila kinyongo. Miaka sita alikuwa amejitolea katika kikundi cha kupambana na kifua kikuu. Kila asubuhi alitia mfuko begani, akabisha hodi kwa wanaokohoa, akawapa kikopo cha plastiki cha kutemea makohozi ya alfajiri, na kesho yake akakipitia kukipeleka maabara. Wakaidi alijua kuwabembeleza. Mkaidi mmoja tu alimshinda, na huyo walilala kitanda kimoja.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikohoa wiki tatu akisingizia vumbi. Siku alipokubali hatimaye kutema, mkewe alifurahi mpaka akasahau somo alilowafundisha wenzake mara mia: jina huandikwa ubavuni mwa kikopo, kamwe si kwenye kifuniko. Ubavu ulikuwa na unyevu, kalamu ikateleza, akaandika juu ya kifuniko. Cha jirani yao seremala, alichokipitia asubuhi hiyohiyo, akakiandika vivyo hivyo. Vilikuwa viwili tu, angekosea nini? Kimoja kilikuwa kinavuja, kwa hiyo akavifungua vyote mezani avifute, na hapo simu ikaita. Akazungumza huku akifunga.

Ijumaa majibu yakatoka. Mumewe mzima, seremala ana kifua kikuu.

Mzee alitamba nyumba nzima kama aliyeshinda kesi. Akamnyakua mjukuu wao wa miezi saba, ambaye wiki zote hizo alikatazwa kumbeba, akambusu mashavu yote mawili. Mama Vikopo alikuwa akicheka naye, na katikati ya kicheko akaviona tena vile vifuniko viwili mezani, na mkono wake ukiokota kimoja bila kukitazama. 

Alijipa moyo kwamba mkono uliozoea kazi haubabaiki, na kwa siku mbili alijitia hamnazo. Lakini Jumamosi alijikuta akihesabu kikohozi cha mumewe: mara kumi na moja kabla ya chai. Jumapili mtoto alipiga chafya moja tu, sufuria ikamponyoka mkononi. Huko jirani seremala alikuwa ameanza kumeza vidonge, na wateja wakaanza kuipitia mbali karakana yake. Mama Vikopo aliogopa kutolewa kikundini, akaogopa aibu, akaogopa hasira za mumewe. Zaidi ya yote aliogopa pumzi ya mtu aliyeishi naye miaka thelathini, na hilo lilimuumiza kuliko mengine.

Jumatatu akapiga moyo konde, akaenda kwa muuguzi msimamizi wa kikundi. Alieleza yote akiwa amesimama, akingoja kufokewa. Muuguzi hakufoka. Alimpa vikopo viwili vipya, akasema wote wawili wapimwe upya, na seremala asiache dawa mpaka majibu mapya yatoke. Kisha akauliza, "Na mtoto, tangu Ijumaa analala wapi mchana?"

"Kifuani kwa babu yake."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Basi kesho mlete na yeye."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi mno siku hiyo. Alimkuta mzee kibarazani, shati wazi, mtoto amemlalia kifuani fofofo. Mzee akaona vikopo mkononi mwa mkewe, akauliza kwa utani kama sasa ni zamu ya jogoo kupimwa.

"Baba, nilikosea," akasema. "Majina niliyaandika kwenye vifuniko, halafu nikavifungua vyote. Sijui kipi kilikuwa chako."

Alijiandaa kutukanwa. Mzee hakumtukana. Aliziba mdomo kwa kiganja, akageuzia uso ukutani, na kwa mkono wa pili akamnyooshea mtoto, mbali kadiri mkono ulivyoweza kufika. Mtoto akaamka mikononi mwa bibi, akaangua kilio, akijinyoosha kurudi kwa babu yake.