Hori la Mbege

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini leo nina kayaki sita ziwani na wageni wananiita bosi. Jana mkufunzi niliyemwajiri alikuwa anawafundisha vijana wangu kumwokoa aliyepinduka.

"Mtu kwanza, chombo baadaye!" akapaza sauti.

Upepo ukaleta harufu ya mbege, pombe ya ndizi, inayochachuka jikoni. Nikakaa chini.

Utotoni, huko juu migombani, tulilibeba kimyakimya hori la baba la kuchachushia mbege, tukaliingiza kwenye bwawa la kumwagilia. Mbao zake zilikuwa na utelezi mchachu wa ndizi. Mdogo wangu wa kike akapanda. Mchezo ulikuwa wa kuokoana, na mwokozi ni mimi.

"Wewe pinduka tu, nitakudaka!" nilijigamba.

Akapinduka. Hori likaanza kuvutwa kwenye mlango wa maji, nami nikaiona akilini fimbo ya baba. Nikalikimbilia hori.

Nilipogeuka, alikuwa ameng'ang'ania majani ya ukingoni, anatapika maji.

Nyumbani baba akamuuliza kalowa wapi.

"Nilianguka bwawani, baba," akasema. "Kaka kaniokoa."

Jumapili baba alichinja mbuzi, akanikatia kidari, nyama ya wanaume. Nilikila chote, mdogo wangu akiniangalia.