Basi la Kanama Lilivyoingia Ukweni

Chekeni tu, maana hata nikinyamaza mtasimuliwa na watu wa Nyundo, na wao wataongeza chumvi. Ndiyo, ni mimi niliyeingiza basi zima ukweni siku ya kwenda kuomba mke, na sikuliingiza kwa kuliendesha (leseni yenyewe sina), liliingia ndani ya koti langu.

Nafanya kazi ofisi ya kuongoza mabasi ya kampuni moja hapa Gisenyi. Kila basi letu lina kidude kidogo kinachoenea kiganjani, kinatuonyesha lilipo, na tukitaka kusema na dereva tunasemea ofisini, sauti inatokea humo humo. Abiria naye anafuatilia kwenye simu yake, na basi likisimama karibu naye anapata ujumbe: "Basi lako limefika." Kazi nzuri, niliisifia kila mahali, ila kulikuwa na mtu mmoja aliyegoma kuisikia, baba yake Clarisse.

Clarisse ndiye niliyetaka kumuoa. Baba yake ni mkulima aliyerudi kutoka Kongo, nyumba yake iko juu kidogo ya barabara pale Nyundo, na amesimama sana kule chini akipitwa na mabasi mpaka akaichukia kampuni na kila anayelipwa nayo. Siku ya kwanza tu aliniambia, "We kijana, ile mashine yenu inadanganyaka watu. Mutoto wangu siwezi kumupa mutu wa kudanganya." Nikaapa moyoni kwamba siku ya gusaba, siku ya kumuomba msichana mbele ya familia zote mbili, hataniona na kasoro hata moja.

Asubuhi ya siku hiyo nikapita ofisini na suti yangu mpya. Kidude cha basi la Kanama nilikuwa nimekitoa jana yake kukitengeneza, sasa kilikuwa kizima, kinawaka vizuri kwa betri yake, tatizo basi lenyewe lilishaondoka bila kukingoja. Nikikizima, bosi ataona basi limepotea, nikikiacha mezani ataona halijatoka, ataniita, na mimi nitachelewa kuombewa mke. Basi nikakitia mfukoni kikiwa kinawaka, nikasema nitakifunga kwenye basi jioni, nani atajua?

Njia nzima niliona watu vituoni wakitazama simu, wakitazama magari yetu ya sherehe yenye riboni, wakinyoosha mikono. Nikadhani wanatupongeza, nikawapungia.

Kule ukweni mambo yakaanza vizuri. Msemaji wao, mzee Gaspard, akabuni vikwazo kama desturi inavyotaka ("Bon, mutoto mwenyewe hayuko, alienda kulima"), msemaji wetu akabembeleza, watu wakacheka, na baba yake Clarisse mwenyewe akatabasamu kidogo. Hapo ndipo wakaanza kuingia uani watu tusiowajua, huyu na kikapu cha kabichi, yule na gunia la viazi, na mbele yao mama mmoja mwenye kuku kwapani.

"Basi iko wapi?" akauliza. "Telefone inasema imesimama hapa!"

Wageni wakapiga makofi wakidhani ni mchezo wa sherehe. Mzee Gaspard naye akadhani ni vituko vya upande wetu, akajibu, "Basi tutawapa, lakini mulete ng'ombe kwanza."

"Ng'ombe ya nini? Mi ninaenda soko ya Mahoko kuuzisha kuku!"

Wakati huohuo, kule chini barabarani, basi la Kanama likapita na honi yake, tupu. Wale abiria wakapiga kelele, baba yake Clarisse akasimama, na kicheko kikaisha. Hapo hapo kifua changu kikasema:

"Dereva wa Kanama! Uko unafanya nini mu migomba ya watu? Toka hapo!"

Ni Solange, mwenzangu wa ofisini. Nikakohoa kwa nguvu (kana kwamba kikohozi kinaweza kumfunika mwanamke aliyezoea kushindana na injini).

"Dereva! Umelala?"

Nikakitoa kidude.

"Iyo ni nini?" baba akauliza.

"Ni basi, baba. Lile la Kanama."

Nikaeleza yote mbele ya shangazi zangu, na aibu ilinichoma mpaka masikio. Nikamwambia mashine haikosei, niliyedanganya watu ni mimi. Ndani ya nyumba nilimsikia Clarisse, sikujua kama analia au anacheka, nikajua tu nimeshamkosa.

Baba akamtazama mama wa kuku, akanitazama mimi. "Miaka yote ninangojeaka basi kule chini, hainisimamie hata mara moja," akasema polepole. "Leo imenifwata mpaka ku mulango!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti. "Mutoto nitakupa. Lakini kwanza, peleka watu wako Mahoko."

Ndivyo magari ya riboni yalivyobeba kabichi na viazi, mimi mbele kabisa na kuku mapajani juu ya suti mpya, Solange akiniamuru kutoka kwenye kidude, "Simama kituo hicho, kuna mutu!" Nikarudi kuombewa mke nikinuka banda la kuku.

Tangu hapo siendi mahali pa heshima bila kugeuza mifuko nje. Lakini naona hawajaniamini, maana siku ya harusi baba mkwe alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akanipapasa koti lote mbele ya wageni, ndipo akanikabidhi mkono wa binti yake.