Vishimo Viwili vya Fundi

Seremala wetu aliitwa Fundi Vishimo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila kiti alikichimba vishimo viwili pale pa kukalia, ili ile mifupa miwili iliyo chini kabisa ya nyonga, ambayo ndiyo tunayoikalia, ipate pa kutulia. Kipimo alikitoa wapi? Alikaa mwenyewe kwenye sanduku la mchanga mbichi, akainuka, akapima alama. Basi! Kuanzia zahanati hadi posta, mji mzima ukakalia makalio ya mtu mmoja. Watu walijipindapinda kimyakimya, kila mmoja akidhani kasoro ni yake.

Nyumbani, mkewe hakukaa. Alikula amesimama, alichambua mboga amesimama, watoto sita aliwanyonyesha ameegemea mlango. Mumewe akimuuliza kama amechoka, hujibu hajachoka. Naye Vishimo, bila haya, akatembea kifua mbele akijisifu kwamba ameoa chuma. Nikikumbuka, hasira zinanipanda.

Siku moja mama wa watu akafunga virago, anahamia kwa dada yake. Vishimo jasho likamtoka. Hakumpiga, hakumnyima, sasa kosa nini? Mkewe akasema kwa dada kuna benchi la ubao mtupu, tambarare.

Ikabidi binti yao, mkunga, aingie kati. Akamweleza baba yake kwamba mifupa ile kwa wanawake imeachana zaidi, ili mtoto apate njia ya kutoka. Miaka yote hiyo mama alikuwa akikalia kingo za vishimo.

"Kila mwamba ngoma huvutia kwake, baba," akamwambia. "Lakini ngozi hiyo umeiwamba mgongoni mwa mama."

Vishimo akabisha, akabisha, mwisho akaleta sanduku la mchanga sebuleni. Mkewe akamtoa nje, akakaa, akamwita. Alama zilikuwa zimeachana kuliko zake kwa upana wa vidole viwili. Mzee aliona haya mpaka masikioni.

Kiti kipya kikawa tayari jioni. Mkewe akakikalia, akafumba macho, akaamuru vile vingine vyote vya nyumbani viwe kuni za kupikia. Vikapika vizuri sana.

Chakula kilipoiva, Vishimo akala ameegemea mlango, akibadilisha mguu.

"Umechoka, mume wangu?"

"Sijachoka."

"Ndivyo nilivyokuwa nikikujibu," akasema mkewe, akajiegemeza vizuri kitini.