Kijani Juu ya Duara

Bosi wangu wa programu alikuwa na imani moja tu: mteja asione rangi nyekundu. Kwa imani hiyo aliweka catch, mitego ya kunasa makosa ya programu, kila mahali, kisha akaziacha tupu. Kosa likiingia humo linazikwa bila hata kuandikwa jina. Huo aliuita ustadi, na mimi, kwa woga wa kukosa kazi, nilinyamaza.

Tulikwenda Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kuonyesha kazi yetu. Feni ilisukuma hewa chini ya duara, shimo refu ambamo wanaapolo watatu walikuwa wakichimba. Ikizimika, programu ilipaswa kutuma ujumbe kwenye simu ya msimamizi, mama mmoja aliyevaa buti za mvua. Mmoja wa wale watatu alikuwa mdogo wake.

Bosi akazima feni, watu wakiwa chini, kama anayezima redio. Kioo cha kompyuta kikaandika kwa kijani: ujumbe umetumwa.

"Umeona, mama?"

"Naona rangi. Mbona simu yangu imekaa kimya?"

"Mtandao tu huo."

"Kwa hiyo mdogo wangu avute mtandao huko chini? Toka hapo!"

Akaiwasha feni mwenyewe, akainama mdomoni mwa shimo, akaita. Kati ya wale watatu, aliyekuwa kituo cha juu shimoni akaurudia wito, wa katikati akaurudia, hadi kwa wa chini kabisa. Jibu likapanda kwa njia ileile: tunatoka.

Niliweka kompyuta juu ya ndoo, nikaona aibu yetu. Kutuma ujumbe ni kazi inayochukua muda, nasi tuliiita bila await, neno linaloiambia programu isubiri jibu. Try, sehemu inayoijaribu kazi, ilikuwa imeshamaliza, kijani kimeshawaka, ndipo ujumbe ukashindwa kwenda, na hapakuwa na wa kulikamata kosa. Nikaweka await hapo, na kila sehemu nyingine inayoiita kazi hiyo. Ndani ya catch nikaandika kosa, kisha throw: lirushwe tena juu, hadi kwenye sehemu inayopiga king'ora cha hapohapo, kisichohitaji mtandao.

"Programu itaanguka mbele ya mteja," bosi akaninong'oneza.

"Ianguke."

Wale watatu walipokuwa juu wote, tukazima feni. Mtandao ulikuwa bado haujarudi. Kioo kikawa chekundu, king'ora kikalia hadi kuku wa mama ntilie wakatawanyika. Msimamizi akaiwasha feni tena.

"Hii sasa nashuka nayo," alisema yule mdogo mtu, tope hadi masikioni, akachukua tochi.

Bosi akaomba tuwashe kwanza ile kijani, apige picha ya tangazo.

"Kapigie barabarani," mama akamwambia, mkono wake ukiwa tayari kwenye kamba ya kumteremshia mdogo wake.